Anza na Breki, Turbo Itasubiri

Wenye magari ya mwendo kasi wanaokuja kwangu karibu wote huanza na swali lilelile: nitapata nguvu farasi ngapi? Mimi huomba boneti ifunguliwe, nachukua tochi, na naenda moja kwa moja kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Nikiyakuta yamekuwa meusi, habari ya turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, tunaiweka kando siku hiyo.

Sababu ninayo. Miaka kadhaa nyuma nililifunga gari langu mwenyewe turbo kubwa, nozeli mpya na pampu mpya ya petroli. Kwenye mzunguko wa tano wa uwanja wa mbio, mwisho wa sehemu iliyonyooka, nilikanyaga breki na pedali ikazama mpaka sakafuni, laini kama sifongo. Nilipiga pampu mara tatu, nikashusha gia mbili, gari likaingia kwenye changarawe na kusimama hatua chache kabla ya ukuta wa matairi. Nilipolifungua baadaye sikukuta kitu kilichovunjika. Pedi zilikuwa nzima, diski nzima, hakuna bomba lililovuja. Mafuta ya breki tu ndiyo yalikuwa ya zamani. Yalikuwa yamenyonya unyevu, yakachemka ndani ya kalipa, kile kishikio kinachobana pedi kwenye diski, na mvuke hubonyea mahali ambapo mafuta hayabonyei. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo naandaa gari kwa mpangilio huu ninaoueleza hapa.

Pima kabla ya kununua chochote

Usinunue kifaa hata kimoja kabla hujajua hali ya injini uliyo nayo. Pasha injini mpaka ifike joto lake la kawaida, zima mfumo wa petroli na wa moto wa plagi, toa plagi zote, kisha funga geji ya mgandamizo kwenye silinda ya kwanza. Mtu akanyage mafuta mpaka mwisho na kupiga stata. Hesabu misukumo, na kila silinda ipate idadi ileile. Andika namba kwenye karatasi, usitegemee kichwa.

Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, simama hapo. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, tazama vali au gasketi ya silinda hedi. Ukiiongezea nguvu injini yenye silinda dhaifu, unaharakisha tu kifo chake, na utakuja kulaumu turbo bure.

Siku hiyohiyo kagua mpira wa kila kiungo cha chini, beringi za magurudumu, na uvujaji wa oili kwenye giaboksi na difu. Kazi ya mchana mmoja.

Breki

Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa lina nishati ya karibu megajuli 0.58. Likifika kilomita 200 kwa saa, nishati hiyo inakuwa karibu megajuli 2.3, yaani mara nne. Sehemu kubwa ya nishati hiyo inageuzwa kuwa joto kwenye diski nne, kwa sekunde chache, tena na tena kila kona. Porsche walipoikuza 911 Turbo mwaka 1978 kutoka injini ya lita 3.0 hadi 3.3 na kuipa intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, waliipa pia breki zilizotokana na zile za gari lao la mashindano la 917. Kiwanda chenyewe kilipandisha nguvu na breki kwa pamoja, na sisi wa karakana hatuna sababu ya kufanya kinyume.

Hatua ya kwanza ni ya bei ndogo kuliko zote: mafuta mapya. DOT 4, moja ya madaraja ya mafuta ya breki, yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango hicho cha chini kinashuka hadi 155. DOT 5.1 huanzia 260, na yakilowa 180. Usichanganye na DOT 5, kwa sababu hayo ni ya silikoni na hayapatani na hizi nyingine. Gari linaloingia uwanjani nalibadilishia mafuta kila mwaka bila kujadiliana, na la mashindano mapema zaidi.

Namna ya kutoa upepo ni hii. Magari mengi huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu ya breki), lakini soma kitabu cha gari lako, maana mengine yana utaratibu tofauti. Mimi nakaa chini kwenye kalipa, kijana wangu yuko kwenye usukani. Navika mpira safi unaopenyeza mwanga kwenye nati ya kutolea upepo, ncha ya pili nimeizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, fundi."

"Shikilia hapo."

Nafungua nati robo mzunguko. Mafuta yanatoka kwa kasi, kwanza ya kahawia, yakifuatana na viputo vidogo kama shanga.

"Inashuka... imefika chini."

"Usiachie!" Nafunga nati. "Haya, achia."

Hilo la mwisho ndilo wengi huliharibu. Mguu ukiachia kabla nati haijafungwa, mfumo unavuta hewa na kazi yote inaanza upya. Tunarudia mpaka mafuta yawe meupe na viputo viishe kabisa, na kila baada ya mikanyago mitano naongeza mafuta kwenye kikopo ili kisikauke. Yakidondoka kwenye rangi ya gari, mwaga maji papo hapo, kwa sababu yanakula rangi. Na kama hewa imeingia kwenye kizio cha ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, itabidi utumie kompyuta ya uchunguzi kuziamuru vali zake zifunguke.

Baada ya mafuta zinakuja pedi. Pedi ya mashindano halisi haishiki vizuri ikiwa baridi, kwa hiyo gari linalotumika pia barabarani silifungi pedi hizo hata mwenyewe akibembeleza. Pedi mpya zinahitaji kulazwa kwenye diski: punguza mwendo kutoka kama kilomita 100 hadi 20 kwa saa, mara nane hadi kumi, bila kusimama kabisa, kisha endesha polepole dakika kumi ili zipoe. Usisimame huku umekanyaga breki za moto. Pedi itaacha alama yake kwenye diski, nawe utahisi mtetemo kwenye usukani na kudhani diski imepinda.

Diski kubwa ndiyo hatua ya mwisho ya breki. Ukifunga kalipa na diski kubwa sana mbele peke yake, mgawanyo wa breki unahamia mbele, magurudumu ya nyuma yanakaa bila kazi, na gari linaweza kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama kuliko mwanzo. Kabla ya hapo, jaribu bomba la hewa kutoka kwenye bampa. Lielekeze katikati ya diski, kwenye kitovu, na si kwenye uso wake. Diski yenye matundu ya hewa katikati hufanya kazi kama feni: inavuta hewa kutoka ndani na kuitupa nje. Ukipuliza uso mmoja tu, upande huo unapoa na mwingine unabaki na moto, na hapo diski inaweza kupinda kweli.

Tairi na miguu

Tairi soma ubavuni. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT (hapa si daraja la mafuta ya breki) zinataja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi yenye kashata nzuri lakini mpira mkongwe uliokauka haifai kwa kazi hii.

Presha hupanda tairi likipata moto, kwa hiyo andika namba mbili, ya baridi na ya moto, na linganisha za moto. Nikitoka uwanjani napima joto la kila tairi sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Katikati ikizidi pande zote, kuna upepo mwingi. Ndani ikizidi nje kwa mbali, gurudumu limelala mno, yaani juu yake imeinamia ndani kupita kiasi. Namba hizo kumi na mbili zimenifundisha mengi kuliko dereva yeyote aliyewahi kunieleza kwa mikono jinsi gari lilivyojisikia.

Springi na shokapu zibadilishwe pamoja. Springi ngumu juu ya shokapu laini inarusharusha gari kama boti. Wala usilishushe gari mpaka mikono ya chini ielekee juu. Linapendeza kwenye picha, lakini likiinama kwenye kona jiometri yake imeshavurugika na shokapu inagonga mwisho wake. Kisha nenda kwenye alaimenti, kupanga pembe za magurudumu. Kwa gari la barabarani linaloingia uwanjani mara mojamoja, naanzia kwenye nyuzi moja na nusu hadi mbili za kulala kwa ndani mbele, naangalia joto la tairi, ndipo naongeza au kupunguza.

Fimbo za kuzuia kulala zina kanuni rahisi: ukikaza ya mbele, pua inakataa kugeuka; ukikaza ya nyuma, mkia unataka kutangulia. Badilisha kitu kimoja, endesha, andika. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimekusaidia.

Joto

Kwa makadirio, theluthi moja tu ya nishati ya petroli inageuka kazi. Theluthi nyingine inaingia kwenye maji na iliyobaki inatoka na moshi. Maana yake kila nguvu farasi unayoiongeza inakuja na mzigo wake wa joto unaotafuta pa kwenda. Bugatti Veyron ya mwaka 2005, yenye nguvu farasi 1,001, ilijengwa na rejeta kumi. McLaren F1 ilipambwa chumba cha injini kwa karatasi ya dhahabu halisi, kwa kuwa dhahabu hurudisha mnururisho wa joto vizuri sana. Wewe huhitaji dhahabu, lakini funika turbo kwa blanketi lake na uzungushie kinga bomba linalotoka hapo, hasa linapopita karibu na nyaya na mabomba ya breki.

Kifuniko cha rejeta kikichoka kibadilishe. Kikishika presha ya bar 1.1, maji yaliyomo hayachemki mpaka yapite nyuzi 120. Kikivuja, yanachemka mapema, na viputo vya mvuke vinajificha karibu na vali za moshi, ambako hutaviona kwenye geji.

Oili ndiyo ninayoihofia zaidi. Funga geji ya joto la oili kabla ya geji ya kitu kingine chochote. Kati ya nyuzi 90 na 110 niko na amani. Ikipita 130, natoa mguu na kuendesha mzunguko mmoja wa kupoza. Rejeta ya oili iwe na themostati yake, maana oili isiyofika joto la kazi inadhuru pia.

Halafu kuna hatari isiyohusu joto. Kwenye kona ndefu, tairi zikiwa na mshiko mzuri, oili yote inapanda ubavu mmoja wa sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na pampu inabaki inavuta hewa. Kati ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi zake kuna utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikosekana kwa sekunde mbili, chuma kinakutana na chuma na injini inanoki. Ndiyo maana ukishafunga tairi za mshiko mkubwa, weka vizuizi ndani ya sampo. Ni vibati vichache vyenye milango inayofunguka upande mmoja, na vimeniokolea injini nyingi kuliko kifaa chochote cha bei kubwa.

Sasa nguvu

Kwanza jua injini yako iliachiwa nafasi gani na kiwanda. Watengenezaji wa Japani walikubaliana kutotangaza zaidi ya nguvu farasi 280 kwa magari ya soko lao, na mapatano hayo yalidumu hadi mwaka 2004. Ndani ya kipindi hicho zilizaliwa 2JZ-GTE ya Toyota Supra, lita 3.0 na bloku la chuma cha kusubu, na RB26DETT ya Nissan Skyline GT-R. Injini hizi zilikuwa na uwezo uliolala. Tofautisha na F20C ya Honda S2000: lita 2.0 bila turbo, karibu nguvu farasi 240 kwa mizunguko 8,300 kwa dakika, na mgandamizo wa 11 kwa 1. Kiwanda kilikwisha kuikamua. Hiyo iboreshee breki, tairi na jiometri, na iache injini ipumue ilivyo. Mwenye S2000 akitaka turbo namwambia wazi kwamba tutafungua injini nzima tubadilishe pistoni, au tusifanye.

Kwenye injini ya turbo, fikiria mnyororo: hewa, petroli, moto, kisha klachi inayopokea. Kaza pete moja na ile dhaifu inayofuata ndiyo itakayokatika.

Turbo ikisukuma bar 1, karibu inazidisha maradufu presha ya hewa inayoingia. Lakini hewa ikigandamizwa inapata moto: ikiingia na nyuzi 25, inaweza kutoka kwenye turbo ikiwa imepita 100. Kwa hiyo intakula nzuri huja kabla ya presha ya ziada. Ikague pia ubaridi wake baada ya mizunguko mitatu mfululizo, kwa sababu intakula ndogo hutoa matokeo mazuri mara ya kwanza, kisha inalewa joto.

Petroli: nozeli zisifanye kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, na pampu ishike presha mpaka mzunguko wa juu kabisa. Petroli huungua kikamilifu kwa sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, ila chini ya presha ya turbo tunakoleza hadi kati ya 11.5 na 12.5, kutegemea injini, ili petroli ya ziada ipoze chumba cha moto. Namba hizo usizikisie. Funga sensa ya oksijeni ya masafa mapana kwenye bomba la moshi na uisome kila unapopanda presha.

Anayeandika upya ramani ya kompyuta ya injini asiwe na haraka. Mimi huanza na presha ya chini na moto wa plagi uliocheleweshwa, napanda kidogo kidogo kwenye dayno, mashine ya kupimia nguvu ya gari, na nasikiliza. Kwa kusikiliza natumia kifaa nilichojitengenezea: kipande cha bomba la shaba, ncha moja nimeibamiza bapa, nikaitoboa na kuifunga kwa bolti kwenye bloku. Ncha ya pili ina mpira unaoingia kwenye vizibo vya masikio vya mafundi. Injini yenye afya inasikika kama mvua nzito juu ya bati. Mchanganyiko ukiripuka wenyewe kabla ya wakati, katikati ya mvua hiyo unasikia *tik*, kavu, kama kokoto kwenye kioo. Ukisikia hata moja, toa mguu papo hapo. Punguza presha au uchelewe kidogo kuwasha moto, kisha urudie.

Ukimaliza, zima injini ikiwa bado kwenye mzigo ule, toa plagi na zisogeze kwenye mwanga. Tumia kioo cha kukuzia. Kauri nyeupe isiyo na doa, au yenye rangi hafifu ya kahawia, inanipa usingizi. Vinukta vya fedha vinavyometameta juu ya kauri ni aluminiamu ya pistoni, na vinasema pistoni imeanza kumomonyoka hata kama dayno imetoa namba nzuri. Nimeshawahi kufuta ramani nzima kwa ajili ya vinukta vitatu, mwenye gari akinitazama kwa hasira, na ningefanya vilevile leo.

Ekzosi pana baada ya turbo inasaidia kweli. Kwenye injini isiyo na turbo, urefu wa mabomba ya kutokea nao una uzito wake, na kelele peke yake haijawahi kusukuma gari.

Baada ya siku ya kwanza

Gari likirudi, liache lipoe, kisha kaza nati za magurudumu kwa spana ya kipimo kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari. Pitia kila bolti uliyoigusa. Mimi huzichora mstari wa rangi nikishazikaza, na mstari uliokatika naona kwa tochi bila kushika spana.

Kisha mwaga oili, toa filta, na usiitupe. Ikate kwa kikata filta, si kwa msumeno, maana msumeno utaacha vumbi lake la chuma. Kunjua karatasi yake taratibu juu ya kitambaa cheupe, kunjo kwa kunjo, na pitisha sumaku. Vumbi jeusi kidogo kwenye sumaku baada ya injini mpya ni la kawaida. Vipande vyembamba visivyoshikwa na sumaku, vinavyong'aa rangi ya shaba au ya fedha, vimetoka kwenye beringi. Ukiviona, usiwashe injini tena, hata kwa kulisogeza gari mita mbili. Lisukumeni kwa mikono mpaka kwenye jeki, mfungue sampo.